Mchezo Mrefu wa Fundi Bushiri

Bushiri Mwinyimvua alikuwa fundi cherehani wa barazani, pale Mtaa wa Narung'ombe, mbele ya duka la Anselmi. Sifa yake Kariakoo nzima ilikuwa moja: nguo yake ikiisha inakaa mwilini kama umezaliwa nayo, tatizo ni kuisha. Mteja akija kuulizia suruali anaambiwa aje kesho, na kesho akija anaambiwa tena, kwa sauti ileile ya upole, aje kesho. Kuna bwana mmoja wa Gerezani aliyempelekea kitambaa cha kaunda suti ya harusi, akaja kuivaa kwenye arobaini ya mtoto wake wa kwanza. Ukimlaumu Bushiri alikwambia kwamba haraka haraka haina baraka. Watu walimkubalia, ila wakaongeza kwamba polepole yake nayo haina suruali.

Hakuwa mvivu. Alifika kazini mapema na kuondoka jua likizama. Ila alikuwa mtu asiyependa kitu kifike mwisho. Ujanani, akipata senti ya kuingia sinema, alitoka pale akawasimulia wenzake waliokosa kiingilio, na masimulizi yake yalikuwa marefu kuliko picha yenyewe, maana alieleza mpaka watu wa viti vya mbele walivyovaa. Hata posa yake ilikuwa hivyo hivyo. Alipita mbele ya nyumba ya kina Mwanamkuu, kule Ilala, jioni baada ya jioni, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia, mpaka baba wa binti akatoka nje kumuuliza kama kuna kitu amedondosha.

Sasa miaka ile baada ya vita bidhaa ziliadimika. Vitambaa havikuonekana, na uzi ulikuwa habari ya kusimuliwa. Ndani ya duka la Anselmi, Mchaga wa Kibosho ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi kama ulivyowaita wenzake wote wenye maduka, rafu zilibaki na viberiti na majani ya chai. Mangi hakufunga. Duka lililofungwa huzua maswali, alisema, lakini lililo wazi lisilo na kitu kila mtu analielewa. Akawa anakaa barazani na Bushiri, mmoja hana cha kuuza, mwingine hana cha kushona, wanatazama mikokoteni ikipita mitupu.

Mchezo uliingia hapo baada ya Idi. Aliuleta Bakili, kaka yake Mwanamkuu, baharia, aliyekuwa akirudi na vitu ambavyo hata yeye hakujua ni vya nini. Lilikuwa boksi lenye picha ya chombo cha anga juu yake, na ndani kulikuwa na vijitabu vya Kiingereza na dadu za ajabu, zenye pande nyingi kuliko dadu za kawaida. Bakili alidhani ni bao la Kizungu. Bushiri aliviweka vile vijitabu mezani kwenye cherehani, akaomba msaada kwa Bi Theopista, mwanamke wa Marangu aliyeuza vitunguu sokoni, kule chini ya ardhi wanakokuita shimoni. Bi Theopista alikuwa amesoma kwa masista mpaka darasa la nane. Walielewa kama nusu. Nusu iliyobaki Bushiri aliijaza mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa asili ya ugomvi wote uliofuata.

Mchezo wenyewe haukuwa na ubao wala kete. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu wa ndani ya hadithi. Anakwambia umefika mlangoni, ng'ambo ya mlango kuna sauti, je, unafanyaje? Unasema unachofanya, kisha unarusha dadu kujua kama umeweza. Hadithi ilikuwa ya zama zijazo, watu wanasafiri kutoka nyota hadi nyota. Msimulizi akawa Bushiri, na haikupigwa kura. Mangi alikuwa fundi mitambo wa meli, maana chombo kile waliita meli. Bi Theopista alikuwa daktari. Walianza kucheza kila alasiri, vitunguu vikiwa vimekwisha, au havikuja kabisa, na walikuwa wakielekea kwenye nyota moja ambayo Bushiri aliisifu sana lakini hakusema iko umbali gani.

Wa tatu alijiunga kwa njia yake. Mtu mmoja wa mtaa alipeleka habari kwa Mzee Shomari, balozi wa nyumba kumi, kwamba barazani kwa Mangi kunachezwa kamari, na kwamba wachezaji wanapanga kutoroka nchi. Mzee Shomari akaja na kofia yake ya kiua na fimbo, akaitikia shikamoo tatu, akaketi. Alitaka kujua kwanza habari za dadu. Bushiri akamweleza kwamba hakuna senti inayowekwa, wanarusha tu kujua kama mlango umefunguka. Mzee akataka kuuona mlango. Akaambiwa uko angani. Hapo akauliza ni nani aliyewapa kibali cha kwenda huko, na Mangi, ambaye maneno ya vibali yalimtoa jasho, akajibu haraka kwamba hawajaenda popote, wako hapa hapa Narung'ombe.

Mzee Shomari alifikiri. Akasema anga lililo juu ya Tanzania ni la Tanzania, kwa hiyo mpaka hapo hakuna kosa, ila ni lazima abaki asikilize ili taarifa yake iwe kamili. Alisikiliza siku hiyo. Kesho yake alikuja tena kusikiliza, akauliza kama angeweza kurusha dadu mara moja, kwa uchunguzi. Kabla ya Maulidi alikuwa katibu wa tawi la meli, na hakuna jambo lililofanyika mle chomboni bila mkutano.

Mchezo ulikuwa mtamu mwanzoni, kila mmoja alikiri hivyo baadaye. Tatizo lilianza walipotua kwenye kituo cha kwanza kuchukua mafuta. Bushiri aliwaambia kuna foleni. Mangi akauliza ndefu kiasi gani. Bushiri akasema mwisho wake hauonekani, na kwamba mbele yao kuna watu wa sayari nyingine ambao wamepanga mawe na makopo kushika nafasi, wenyewe wamekwenda kulala. Ikabidi warushe dadu kuona kama foleni inasogea. Haikusogea. Kesho yake wakarusha tena. Walipofika dirishani waliambiwa mafuta yamekwisha, waende kituo cha pili, na kituo cha pili kilitaka barua kutoka kituo cha kwanza.

Ikawa ndiyo safari. Mzee Shomari alifurahia, kwa sababu kwenye foleni kuna muda wa mikutano. Lakini Mangi alianza kukunja uso, na Bi Theopista akaanza kuja amebeba mchele wa kuchambua, ambayo kwa Bushiri ilikuwa dalili mbaya. Siku moja Mangi alishindwa kuvumilia, akamuuliza kwa nini wametoka kwenye foleni ya sabuni duniani, wakapanda meli, wakasafiri miaka, ili wakasimame kwenye foleni ya mafuta angani.

Bushiri alishangaa swali. "Mangi," alimjibu, "sayari yoyote yenye watu ina foleni."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoijua dunia, na ulimwengu uliobaki aliukata kwa kipimo hicho hicho.

Desemba ikaingia. Desemba, kama ijulikanavyo, Mchaga hana mji zaidi ya mmoja. Mangi alikuwa amekwisha kupata tiketi ya basi la Moshi, na kwake hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko Krismasi yenyewe. Akatangaza kwamba hataki kwenda kula sikukuu na ndugu zake huku fundi mitambo wake ananing'inia angani hana mafuta. Meli ifike kabla hajaondoka. Mzee Shomari akasema hoja kama hiyo haiwezi kuamuliwa kienyeji, akaitisha mkutano, na ajenda akaitaja mwenyewe: urefu wa mchezo na ubora wake.

Mkutano ulifanyika pale pale barazani, mvua za vuli zikinyesha. Mangi alisema mchezo ni mrefu mno, na kitu kirefu kupita kiasi hakiwezi kuwa kizuri, hata khanga ina mwisho wake. Mzee Shomari akampinga. Kwa maoni yake mchezo haukuwa mrefu bali haujakomaa, na mkutano mzuri haumalizwi kabla ya magharibi. Mangi akauliza magharibi ya mwaka gani. Bushiri alikaa amebana sindano midomoni, akitarajia kwamba Bi Theopista atamtetea, maana walisoma vile vijitabu pamoja.

Bi Theopista aliweka ungo chini.

"Urefu mimi hauniudhi," alisema. "Misa ya mkesha wa Pasaka ni ndefu, na naipenda. Lakini Fundi, mle melini mwako hakuna anayeoa, hakuna anayezaa, hakuna anayekula akashiba. Mimi ni daktari, na tangu tuondoke sijapata mgonjwa. Huo si urefu. Ni chakula kisicho na chumvi, halafu sahani kubwa."

Hilo lilimwingia Bushiri. Pengine angelimeza, lau Mangi asingeongeza la kwake. Mangi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na suruali mbili kwa Bushiri tangu kiangazi, na siku hiyo mdomo ulimponyoka. Alisema wasimlaumu mtu kwa tabia yake. Fundi ameushona mchezo kama anavyoshona nguo zao: kesho, na kesho, na kesho.

Bushiri alitoa sindano midomoni akaichoma kwenye mkono wa shati. Akachukua dadu, akazirusha bila kuzitazama.

"Tangi limepasuka," alisema. "Meli imelipuka. Mmekufa wote."

Akazitia dadu kwenye boksi, akaifunika cherehani turubai, akaingia mvuani. Nyuma yake alisikia sauti ya Bi Theopista ikimwambia mtu kwamba hata sala ya mwisho hawakupewa.

Alitembea kwa miguu mpaka Ilala akiwa na hasira tamu, ile ya mtu aliyewakomesha watu. Alipofika nyumbani hasira ilikuwa imelowa pamoja na shati. Mwanamkuu alikuwa uani chini ya bati, anapika vitumbua kwa unga alioupata Mungu ndiye ajuaye wapi. Alimtazama mumewe, akatazama mbinguni kama mtu anayekadiria saa, akamuuliza nani amefariki.

Bushiri akasema wote. Ikabidi aeleze. Mwanamkuu alikuwa hajapata kuuona mchezo ule, lakini kwa kuwa kila usiku mumewe alimsimulia, alikuwa anazijua foleni zote na alimjua mpaka yule mtu wa kituo cha pili mwenye muhuri. Akataka kujua walivyokufa. Bushiri akarudia alivyosema barazani, neno kwa neno.

Mwanamkuu aliacha kugeuza vitumbua.

"Basi?"

"Basi."

"Hicho si kisa, mume wangu. Ni tangazo la kifo redioni. Na redioni angalau wanataja ndugu wa marehemu walioko Kilwa na Tanga."

Kisha akacheka, akacheka mpaka kitumbua kimoja kikaungua, akasema kwamba yeye alisubiri posa mpaka wenzake wakamaliza kuzaa, na hakuwahi kulalamika, kwa sababu kila jioni Bushiri alipopita alikuwa na jambo jipya la kumwambia mama yake Mwanamkuu pale mlangoni. Kama angepita tu kimya kimya angekuwa ameolewa na mtu mwingine. Bushiri hakujua kwamba Mwanamkuu alikuwa akisikiliza siku zile. Alikula vitumbua vyake, na vilikuwa vizuri, hata kile kilichoungua.

Asubuhi alirudi Narung'ombe kwa sababu cherehani yake ilikuwa huko. Alikuta watu watatu wanamngoja, wamekaa kama waliofiwa, na kabla hajavua koti wakaanza wote kwa pamoja. Mangi alikuwa hakulala. Alisema yeye ndiye fundi mitambo, na lile tangi alilikagua kwa dadu mbele ya mashahidi, halina hata ufa, haliwezi kupasuka kwa sababu tu mtu ameudhika. Bi Theopista alisema amekaa na mkoba wa dawa safari nzima bila mgonjwa, halafu wagonjwa wote wafe siku moja bila hata mmoja kufikishwa kwake. Mchezo gani huo wa kukatika ghafla. Ulikuwa mfupi mno. Mangi akasema hasa, mfupi, na hauna ubora kabisa.

Bushiri aliwatazama mmoja mmoja. Aliwakumbusha kwamba jana tu mchezo ulikuwa mrefu. Mangi akajibu kwamba ya jana yalikuwa ya jana.

Mzee Shomari akasimama, akagonga fimbo. Alisema tawi limekutana tangu alfajiri na kufanya uchunguzi wa kina.

"Taarifa za mlipuko ni uvumi," alisema. "Unaenezwa na wasioitakia mema meli yetu. Wananchi wa meli waendelee na kazi kama kawaida."

Bushiri alijaribu kusema kwamba uvumi huo aliueneza yeye mwenyewe, na yeye ndiye msimulizi. Mzee akamwambia hilo tawi linalijua, na limemsamehe. Yakafuata masharti. Meli ifike kabla ya basi la Mangi. Foleni zikome. Na Bi Theopista, aliyesema kwa aibu kidogo, akitazama ungo wake, alitaka iwepo harusi.

Alasiri ile Bushiri aliketi kusimulia. Bila foleni hakujua watu wafanye nini angani. Mangi alikohoa. Mwishowe Bushiri akamuuliza Bi Theopista daktari anataka kuolewa na nani. Bi Theopista, mjane aliyekuwa hajaulizwa swali kama hilo muda mrefu, akasema hajali, ila awe mtu mwenye kazi, na asiwe mlevi. Basi Bushiri akamleta: mtu wa nyota ya jirani, mrefu, mpole, mwenye mikono mitatu, karani wa bandari ya angani. Akaja na wazee wake kuposa.

Mangi alivuta kiti mbele. Alisema fundi mitambo ndiye mjomba wa daktari, maana ni watu wa mlima mmoja, na posa itapita kwake. Akataja mbuzi. Wazee wa nyota, kwa kinywa cha Bushiri, wakauliza mbuzi ni nini. Mangi akaeleza mbuzi. Wakasema kwao hakuna mnyama wa namna hiyo, wanaweza kutoa upepo. Mangi akauliza upepo anakula nani. Mzee Shomari, aliyejiteua mshenga upande wa pili, akasema upepo ni mali, waulize wenye majahazi. Bi Theopista akawaambia wasimshushe hadhi, mkono wa tatu wa bwana harusi lazima uhesabiwe kama mtenda kazi wa ziada na mahari ipande. Wachukuzi wakasimamisha mikokoteni kusikiliza. Mmoja wao alitoa maoni kuhusu mbege, pombe ya ndizi ya huko mlimani, akaungwa mkono, ikawa lazima wale wazee waelezwe na mbege pia.

Posa ile ilichukua alasiri nzima, ikaendelea kesho yake, na kesho kutwa. Kwa hesabu yoyote ilikuwa ndefu kuliko foleni zote mbili. Hakuna aliyetaja urefu. Bi Theopista hakuleta mchele hata siku moja. Mzee Shomari alisahau kuitisha mkutano. Bushiri ndiye aliyeliona hilo, akiwa katikati ya kusema maneno ya babu wa bwana harusi, na lilimfurahisha kiasi cha kupoteza sauti ya yule babu, ikabidi amfanye akohoe kidogo mpaka aipate.

Walifika kwenye nyota yao siku ya mwisho kabla ya basi. Mizigo ya Mangi ilikuwa imekwisha kufungwa, imepangwa mlangoni mwa duka. Mangi alirusha dadu kutua, meli ikatua bila hata kutikisika, na mlango ukafunguka. Miezi yote ile Bushiri aliisifu nyota hiyo, na kwa kweli hakuwahi kufikiria kuna nini huko, maana hakutegemea kufika. Alisema wanaona uwanda. Mkubwa mara nyingi kuliko viwanja vya Mnazi Mmoja. Akasema kuna upepo, akaueleza upepo huo kwa kirefu, unavyotoka, unavyogeuka, unavyonusa, kwa sababu alikuwa akitafuta la kusema baada yake.

"Watu je?" aliuliza Mangi.

"Hakuna mtu. Nyinyi ndio wa kwanza."

"Foleni?"

"Hakuna."

"Duka?"

"Hakuna duka."

Mangi Anselmi alitazama uwanda ule ambao ulikuwa Mtaa wa Narung'ombe, kisha akatazama rafu zake nyuma yake.

"Basi mimi nafungua," alisema.

Wakacheka, na Mzee Shomari naye, ingawa aliongeza kwamba liwe la ushirika. Huo ndio ukawa mwisho. Walipeana mikono kama watu walioshuka kwenye chombo kweli, Mangi akabeba mizigo yake akaenda Moshi, na baraza likatulia.

Wachezaji waliobaki waliendelea kubishana mpaka mwaka mpya. Mzee Shomari alishikilia kwamba sehemu ya katikati, ile ya vituo, ndiyo iliyokuwa na ubora, na kwamba vijana wa leo hawana subira. Kijana aliyemkusudia, Mangi, alikuwa na miaka hamsini na kitu. Bi Theopista alisema ungeishia kwenye harusi ungekuwa mchezo kamili, na akasema hivyo kwa kila mtu aliyekuja kununua vitunguu, hata asiyejua habari yenyewe. Bushiri aliwasikiliza wote wawili, akawaona wote wana haki, na moyoni akajisikia kama mtu aliyeshuka ngazi akidhani imebaki moja.

Jioni ile ya kutua aliwahi nyumbani, akamsimulia Mwanamkuu kuanzia mlango ulipofunguka. Mwanamkuu alimsikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, chakula kikipoa. Akasema kisa ni kizuri. Ila yeye, kama ingekuwa hiari yake, angepunguza pale kwenye upepo.